Ebrahim Mamdani: Profesa Aliyemsikiliza Opereta

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu hukutana na jina lake kabla ya kujua kwamba ni jina la mtu. Wanafungua programu ya MATLAB kwenye maabara, wanaingia sehemu ya kutengenezea vidhibiti vya mantiki fazi, na programu inawataka wachague aina ya mfumo: Mamdani au Sugeno. Wengi wao hubonyeza Mamdani na kuendelea na kazi. Hapo huwa nasimamisha kipindi. Nawaambia kwamba huyo ni Ebrahim Mamdani, aliyekuwa profesa jijini London, mhandisi wa umeme na mtafiti wa akili mnemba, na kwamba alizaliwa Tanzania. Kila mwaka kuna atakayeuliza, "Tanzania hii hii, mwalimu?"

Hii hii. Alizaliwa Juni 1942, wakati nchi ikiwa bado chini ya Waingereza na jina la Tanzania halijatungwa. Msomaji asimchanganye na Profesa Mahmood Mamdani, msomi wa siasa ambaye Afrika Mashariki tunamfahamu zaidi kwa kazi zake Makerere na kwa vitabu vyake. Ebrahim alikuwa mtu wa mitambo na kompyuta. Wenzake kazini walimwita Abe. Kwa maoni yangu ni mmoja wa wahandisi wakubwa waliopata kutoka katika ardhi yetu, na inaniuma kuona vijana wanahitimu uhandisi hapa nchini wakijua njia yake ya kukokotoa bila kujua habari zake.

Alisoma India. Kwa kijana wa rika lake hilo halikuwa jambo la ajabu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo cha sheria tu, na kitivo cha uhandisi hakikufunguliwa mpaka 1973. Aliyetaka kuwa mhandisi alipaswa kwenda kusoma nje ya nchi, na familia nyingi zenye asili ya Kihindi zilipeleka watoto wao Bara Hindi. Mwaka 1966 Mamdani alivuka tena, safari hii kwenda Uingereza. Akapata shahada ya uzamivu Queen Mary College, chuo kilichomo katika Chuo Kikuu cha London, upande wa mashariki mwa jiji kwenye barabara ya Mile End. Alipomaliza akabaki pale pale kufundisha katika idara ya uhandisi wa umeme. Huo ndio mwanzo wa kawaida wa maisha ya kitaaluma: unasoma kwa mtu, unaandika tasnifu, unapewa darasa na meza, kisha unatafuta swali lako mwenyewe.

Swali lake nitalieleza kupitia mahali ninapopajua vizuri zaidi kuliko London.

Kabla sijaingia katika ualimu nilifanya kazi katika nyumba ya boila ya kiwanda cha sukari. Nilikuwa fundi wa vifaa vya kupimia: geji, vihisio vya joto, valvu zinazoendeshwa kwa hewa. Boila za sukari huchoma makapi ya miwa. Leo makapi yanakuja makavu, kesho yamelowa mvua, na moto wa makapi makavu si moto wa makapi yaliyolowa. Kidhibiti cha otomatiki kilikuwepo, kimefungwa ukutani, na fundi aliyekitega alikitega siku ambayo makapi yalikuwa makavu. Mvua zikianza kilikuwa kinayumba: presha inapanda mno, inashuka mno, inapanda tena. Basi opereta alikuwa anakizima na kushika kazi kwa mkono.

Opereta wetu mkuu alikuwa mzee aliyeishia darasa la saba. Nakumbuka jioni moja nilisimama naye, sindano ya geji inashuka mbele ya macho yetu, naye kakaa kimya.

"Shikamoo, Mzee. Presha inashuka, mbona huongezi moto?"

"Marahaba. Tulia, kijana. Inashuka taratibu hii. Maji ya baridi yameingia sasa hivi, yakipata moto itarudi yenyewe. Ukijaza makapi saa hizi, baadaye valvu ya usalama itatupigia kelele."

"Na ingekuwa inashuka kwa kasi?"

"Ikishuka kwa kasi na maji hayajaingia, hapo naongeza, tena naongeza sana. Lakini ikishaanza kupanda tu napunguza kidogo, siisubiri ifike."

Tazama kilichomo katika maneno hayo. Mzee alikuwa anaangalia mambo mawili kwa pamoja: presha iko mbali kiasi gani na inapotakiwa kuwa, na inakwenda upande gani kwa kasi gani. Kwa kila hali alikuwa na hatua yake. Kipimo chake kilikuwa "taratibu", "kwa kasi", "kidogo", "sana". Hakutaja namba hata moja, na mvuke wake ulikuwa umetulia kuliko wa kile kifaa cha ukutani.

Mhandisi aliyefundishwa darasani hutaka kitu kingine. Hutaka mlinganyo wa hisabati unaoeleza mtambo wote, kisha kutokana na mlinganyo huo akokotoe kidhibiti. Njia hiyo imejenga viwanda vingi na naifundisha kwa heshima yake yote. Tatizo ni mitambo isiyokubali kuandikwa kwa mlinganyo mmoja. Boila ni mmojawapo. Ukiitega vizuri kwa mzigo mdogo, inakuvuruga kwa mzigo mkubwa, kwa sababu tabia yake inabadilika kadiri inavyofanya kazi. Swali linalobaki ni hili: kama opereta anaweza kuendesha mtambo huo kwa maneno yake, je, kompyuta inaweza kupewa maneno hayo hayo ikaendesha?

Hisabati ya kulijibu ilitoka kwa mtu mwingine, Lotfi Zadeh, naye pia mhandisi wa umeme aliyehamahama. Alizaliwa Baku mwaka 1921, akakulia Tehran, akasoma Marekani, na kuanzia 1959 akawa profesa Berkeley, California. Mwaka 1965 alichapisha makala kuhusu kile alichokiita seti fazi. Katika hisabati ya kawaida kitu ama kimo ndani ya seti ama hakimo. Mtu ni mrefu au si mrefu, maji ni ya moto au si ya moto, na lazima uchore mstari mahali fulani. Zadeh alikubali kitu kiwemo kwa kiasi. Maji ya nyuzi 50 yanaweza kuwa "ya moto" kwa 0.6 na "ya vuguvugu" kwa 0.4, na hakuna mahali ambapo nyuzijoto moja inayageuza ghafla kutoka hili kuwa lile. Mwaka 1973 alisogea mbele akaeleza jinsi maneno ya kawaida ya watu na kanuni za "kama hivi, basi vile" zinavyoweza kutumika kueleza mifumo migumu.

Wahandisi wengi wa udhibiti walimpinga, wengine kwa ukali. Fani ilikuwa imejivunia kwa miongo kadhaa usahihi wake wa hisabati, na hapa anakuja mwenzao, tena aliyekuwa ameshajijengea jina katika hisabati hiyo hiyo, anasema tukubali kutokuwa na uhakika. Na hadi wakati huo ilikuwa nadharia tupu. Hakuna mtambo uliokuwa umeendeshwa kwa mantiki hiyo.

Mamdani aliisoma makala ya 1973 akiwa na mwanafunzi wa uzamivu, Sedrak Assilian, na akiwa na mashine ndogo ya mvuke maabara. Mashine yenyewe ilikuwa na boila na injini. Kulikuwa na vitu viwili vya kushika, kiasi cha moto unaoingia kwenye boila na ufunguzi wa valvu ya kupeleka mvuke kwenye injini, na vitu viwili vya kutunza, presha ya boila na kasi ya injini. Ugumu ni kwamba havitenganiki. Ukifungua valvu ili injini iongeze kasi, presha inashuka. Ukiongeza moto kurudisha presha, kasi nayo inapanda. Mtu yeyote aliyewahi kusimama nyumba ya boila anaujua mvutano huo.

Awali Assilian alikuwa anatafuta namna ya kuifanya kompyuta ijifunze yenyewe kwa kumtazama binadamu akiendesha mashine hiyo. Kazi ilikuwa inakwenda kwa taabu. Wakaamua kumuuliza mwendeshaji anafanyaje, na kuyaweka maneno yake moja kwa moja kwenye kompyuta kwa hisabati ya Zadeh. Kwa muda mfupi mashine ikawa inajiendesha. Zilipatikana kanuni 24, nyingine zikirekebishwa baada ya kuona mashine inavyokwenda, na hizo ndizo kidhibiti chote. Hakuna mlinganyo wa boila ulioandikwa mahali popote.

Nitaeleza inavyofanya kazi, maana hapa ndipo jina lake lilipobaki, na haihitaji hisabati kubwa.

Chukua kanuni mbili kama zile za mzee wangu. Ya kwanza: kama presha imepungua sana na haiongezeki, ongeza moto sana. Ya pili: kama presha imepungua kidogo na inaanza kuongezeka, ongeza moto kidogo. Geji inasoma, na kompyuta inajiuliza usomaji huu ni "imepungua sana" kwa kiasi gani. Tuseme ni 0.3. Na ni "imepungua kidogo" kwa kiasi gani? Tuseme 0.7. Kisha inatazama mwendo: "haiongezeki" ni 0.8, "inaanza kuongezeka" ni 0.2. Kila kanuni ina masharti mawili yaliyounganishwa kwa "na", basi kompyuta inachukua namba iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Kanuni ya kwanza inapata 0.3. Ya pili inapata 0.2. Hakuna kanuni inayoshinda na kuifukuza nyingine. Zote zinatoa neno lake, kila moja kwa nguvu yake.

Mwisho inabidi ipatikane amri moja ya kupeleka kwenye hita, maana hita haijui "sana" wala "kidogo". "Ongeza sana" imechorwa kama umbo, mfano pembetatu, juu ya mstari wa viwango vya moto, na "ongeza kidogo" vilevile. Kila umbo linakatwa kwa kimo cha nguvu ya kanuni yake, yanawekwa pamoja, na leo mafundi wengi huchukua kitovu cha uzito cha umbo lote lililopatikana. Kitovu hicho ndicho namba. Presha ikibadilika kidogo, vimo vinabadilika kidogo, na kitovu kinasogea kidogo. Ndiyo maana kidhibiti hiki hakirukiruki: kinateleza kutoka kanuni moja kwenda nyingine, kama alivyokuwa anateleza mzee kutoka "subiri" kwenda "ongeza".

Kuchukua ndogo kwa ajili ya "na", kukata maumbo, kuyaunganisha, kisha kutafuta namba moja: hiyo ndiyo njia ya Mamdani. Ilichapishwa mwaka 1974 katika jarida la chama cha wahandisi wa umeme wa Uingereza, na mwaka 1975 katika International Journal of Man-Machine Studies, makala ya kurasa 13 ambayo mpaka leo inatajwa na kila anayeingia kwenye fani hii. Kidhibiti cha maneno kilifanya kazi vizuri kuliko kile cha kawaida walichokilinganisha nacho, na hakikuyumba sana tabia ya mashine ilipobadilika.

Kuna jambo katika maisha ya vyuo vikuu ambalo watu wa nje hawalioni. Njia inaitwa Mamdani, lakini mikono iliyokaa na mashine ile kwa muda mrefu ilikuwa ya Assilian, na tasnifu yake ya 1974 ilikuwa na jina linaloeleza kila kitu: akili mnemba katika udhibiti wa mifumo halisi. Msimamizi huleta swali, huleta maabara, hujua makala ipi isomwe na lini mwelekeo ubadilishwe. Mwanafunzi hulala na tatizo na kuamka nalo. Jina la msimamizi likibaki na la mwanafunzi likasahaulika, sioni kama ni haki kamili, na kwa sababu hiyo huwa nawataja wote wawili darasani. Hilo halimpunguzii Mamdani chochote. Aliweka jina la Assilian kwenye makala ya 1975, na aliendelea kulea wanafunzi wengine. Pamoja na Costas Pappis walichapisha mwaka 1977 kidhibiti cha taa za barabarani kwenye makutano, kinachoamua taa ya kijani ibaki muda gani kwa kuangalia foleni ni "ndefu" au "fupi" na magari yanakuja "mengi" au "machache". Askari wa usalama barabarani anayesimama katikati ya makutano ya barabara jijini Dar es Salaam saa kumi na mbili jioni anafanya hesabu hiyo hiyo kichwani.

Wakati wenyewe haukuwa rafiki. Mwaka 1973 mwanahisabati James Lighthill alikuwa ameandika ripoti kwa serikali ya Uingereza akisema utafiti wa akili mnemba umeahidi makubwa na kutimiza madogo. Fedha zikakatwa katika vyuo vingi na watafiti wakawa wanakwepa hata kulitumia jina hilo. Mamdani alikuwa upande wa uhandisi, si upande wa wale waliokuwa wanajaribu kuiga akili nzima ya mwanadamu. Alikuwa na mashine inayotoa mvuke na geji inayosoma. Nadhani hilo lilimsaidia. Mtu anayebisha kuhusu nadharia unaweza kubishana naye mwaka mzima, lakini boila ikitulia mbele yake atakuja na swali jingine, la namna ya kuitumia kwake.

Na walikuja. Wa kwanza kuifanya biashara walikuwa Wadenmaki. Kampuni ya F.L. Smidth, iliyokuwa ikitengeneza viwanda vya saruji, ilikuwa na tatizo la tanuri. Aliyepita Wazo Hill au Tanga akaona lile bomba kubwa la chuma lililolala mshazari na kuzunguka polepole ameliona tanuri la klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa saruji. Ndani yake mawe ya chokaa na udongo hufikia takribani nyuzi 1,450 za Selsiasi. Hakuna kihisio kinachokaa humo kwa raha. Opereta hutazama moto kupitia tundu, kwa kioo cheusi, anasoma rangi ya moto na jinsi klinka inavyopanda ukutani na kuanguka, kisha anarekebisha mafuta, hewa na kasi ya kuzunguka. Ujuzi huo hupitishwa kwa maneno kutoka kwa mzoefu kwenda kwa mgeni, na ulikuwa umekwisha kuandikwa katika vitabu vya mafunzo ya maopereta kama orodha za "kama" na "basi". Wahandisi wa kampuni hiyo, Holmblad na Østergaard, waliichukua njia ya Mamdani, wakaijaribu kwenye tanuri halisi mwishoni mwa miaka ya 1970, na katika miaka ya 1980 ikawa bidhaa inayouzwa viwandani.

Kisha Japani ikaichukua kwa mikono miwili. Julai 1987 mji wa Sendai ulifungua njia ya treni ya chini ya ardhi, Namboku, ambayo treni zake ziliongozwa na kidhibiti fazi kilichotengenezwa na Hitachi. Kinaongeza mwendo na kufunga breki kwa ulaini kiasi kwamba abiria aliyesimama hayumbi. Baada ya hapo zikaja mashine za kufulia zinazopima uchafu wa maji, vyungu vya umeme vya kupikia wali, kamera zinazotulizwa zisitikisike. Michio Sugeno, ambaye jina lake liko pembeni ya la Mamdani kwenye programu ya wanafunzi wangu, alikuwa mmoja wa vinara wa wimbi hilo. Kwake upande wa "basi" wa kanuni haubebi neno, unabeba mlinganyo mfupi. Kompyuta huukokotoa kwa haraka zaidi, na ni rahisi kuuthibitisha kihisabati. Lakini opereta akisomewa kanuni ya Sugeno hawezi kukuambia kama ni kweli. Ya Mamdani anaweza.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya kazi yake, na sitaificha. Karibu kila tunachosikia leo chini ya jina la akili mnemba kinatokana na mitandao ya neva, inayojifunza kutoka kwa data nyingi mno. Inafanya maajabu ambayo kanuni 24 haziwezi hata kuyakaribia. Lakini ukiiuliza kwa nini imeamua hivi, ndani kuna mamilioni ya namba ambazo hakuna anayeweza kuzisoma kama sentensi. Kidhibiti cha Mamdani ukikifungua unakuta sentensi. Opereta akisema kanuni ya saba si sahihi wakati wa mvua, unaifuta ile ya saba na kuandika nyingine, na mtambo unaendelea.

Upungufu wake nao ni wa kweli. Kanuni huzaana. Ukiwa na vipimo vinne na kila kimoja ukakipa maneno saba, michanganyiko yote ni 2,401, na hakuna opereta atakayekaa akueleze yote hiyo. Mamdani na Assilian waliponea kwa sababu hali nyingi hazitokei na nyingine zinafanana. Pia wahandisi wa udhibiti walidai, kwa haki, uthibitisho kwamba mtambo hautapagawa katika hali ambayo hakuna aliyeifikiria. Uthibitisho huo ulichukua miaka mingi kujengwa, na kwa sehemu kubwa umejengwa juu ya umbo la Sugeno. Ninapofundisha kudhibiti kitu kinachoweza kuua mtu, siwaachi wanafunzi waridhike kwa kuona grafu moja iliyotulia.

Mamdani mwenyewe hakukaa juu ya boila maisha yake yote. Mwaka 1981 alihariri pamoja na Brian Gaines kitabu kuhusu hoja fazi na matumizi yake. Baadaye akavutwa na mifumo ya kitaalamu, yaani programu zinazobeba ujuzi wa wataalamu, kisha na mawakala wa kompyuta: programu ndogo ndogo zinazojadiliana zenyewe kwa niaba ya watu, mfano katika mitandao ya simu. Mwaka 1995 alihama Queen Mary kwenda Imperial College, hapo hapo London, kwenye kiti cha uprofesa wa mikakati na huduma za mawasiliano kilichodhaminiwa na kampuni ya Nortel pamoja na Royal Academy of Engineering. Wapo wanaoona ajabu mtu kuacha fani ambayo jina lake limeandikwa mlangoni. Mimi naona swali lilikuwa lile lile: ujuzi ambao watu wanao na hawajauandika kwa namba, mashine iupate vipi? Boila ilikuwa jibu moja. Alifariki tarehe 22 Januari 2010 akiwa profesa mstaafu.

Katika chuo chetu cha ufundi kazi ya kwanza ya somo hili haifanyiki kwenye kompyuta. Kila mwanafunzi anatafuta mtu anayeendesha mtambo kwa mkono: mkaushaji wa mahindi, mwendesha pampu ya kijiji, mchoma matofali, mwoka mikate. Anakaa naye, anaandika kanuni zake kwa maneno yake mwenyewe, na ni marufuku kuyasahihisha. Mwaka huu binti mmoja alikwenda kwa mama anayeoka mikate kwa tanuri la kuni. Alirudi na kanuni nzuri sana, za moto, za mlango wa tanuri, za ukubwa wa mkate. Moja ilisema: mkate ukianza kunukia na juu bado mweupe, toa kuni zote na ufunge mlango.

"Mwalimu, hii nimeifuta," akaniambia. "Harufu haina kihisio."

"Umemuuliza mama inafanya kazi gani?"

"Anasema bila hiyo mikate inaungua chini."

Nikamwambia airudishe. Tumejaribu kihisio cha unyevu mdomoni mwa tanuri, kwa kudhani harufu inatoka pamoja na mvuke wa unga, na majibu yake yanakwenda na pua ya mama kwa mikate midogo lakini yanachelewa kwa mikubwa. Wiki ijayo tunaongeza cha joto la ganda la mkate, na mama amekubali kuja maabara kutuambia tukikosea.